Peoni niliyoing'oa imechipua tena palepale: mzizi usio na jicho unaweza kuota?

#1 Koleo Butu (mleta uzi)
Habari za humu, wajuvi wa maua.

Kabla ya baridi iliyopita niliihamisha peoni (mmea wa maua wa nchi za baridi) ya siku nyingi iliyokuwa imezidiwa na kivuli cha mti. Nilizungusha koleo kwa mbali, nikanyanyua kichwa chote (pale mashina yanapokutana na mizizi), nikakiosha, nikakigawa, vipande nikavipeleka kwenye tuta lenye jua. Mizizi kadhaa minene ilikatikia chini. Sikuifuata, maana kila ninayemsoma anasema mzizi wa peoni usio na jicho (kile kinundu chipukizi linapotokea) hauna maisha, utaoza tu.

Baridi imeisha, na kwenye shimo la zamani yametokeza machipukizi mekundu, membamba kuliko ya kawaida lakini ni peoni bila ubishi. Wakati huohuo vile vipande nilivyovihamisha vina majani mazuri na hakuna hata tumba moja.

Maswali mawili: haya machipukizi yametoka wapi? Na hivi nilivyovihamisha vimenunia nini?

#2 Kiherehere
Ngoja waje wenyewe. Nimeshakaa mstari wa mbele.

#3 Mama Vitalu
Swali la kwanza jepesi: uliacha jicho. Kichwa cha peoni kongwe si bonge moja. Kinatanuka, kinajikunja, katikati panaoza, na pembeni vinabaki vipande vinavyojitegemea. Unadhani umenyanyua chote kumbe bega moja limebaki ardhini na macho yake. Tena kuna macho madogo yaliyolala, rangi yake ni ya udongo, huyaoni mpaka uoshe vizuri na ukae juani. Yale makubwa ya waridi yakiondoka, haya ndiyo yanaamka.

Swali la pili: ulipanda kina gani?

#4 Mchungulia Mizizi
Mama Vitalu nakuheshimu, ila "uliacha jicho" ndilo jibu analopewa kila mtu, hata asiyestahili.

Peoni si moja. Paeonia lactiflora, ile ya Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China ambayo aina nyingi za bustani zimetokana nayo, hiyo kweli mzizi wake mtupu huwa hauchipui. Lakini officinalis ya kusini mwa Ulaya, na peregrina ya Balkani na Uturuki, mzizi wake ukikatika unaweza kutengeneza jicho jipya mahali ambapo hapakuwa na jicho kabisa. Chotara zao nazo zimerithi tabia hiyo. Tenuifolia, yenye majani ya nyuzinyuzi, ndiyo usiseme: inatambaa chini kwa chini.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu aliacha jicho, tujue kwanza ana peoni ipi. Mkuu Koleo, ua lake likoje?

#5 Nyuki Mvivu
Picha tafadhali. Uzi wa maua bila picha tuupeleke jukwaa la siasa.

#6 Koleo Butu
Picha ya ua sina, simu ile ilishakufa. Ni jekundu lililoiva, petali zimejazana, kila shina lina ua moja tu, na lilikuwa likiwahi kuchanua kabla ya peoni zile za rangi ya waridi. Harufu ya maana hakuna.

Mama Vitalu, kina nilikadiria kwa mkono. Macho yako chini kama upana wa kiganja hivi.

#7 Mama Vitalu
Upana wa kiganja! Hapo swali la pili limejijibu lenyewe.

Macho yanatakiwa yafunikwe na udongo wa sentimita 3 hadi 5, basi. Penye baridi hafifu, punguza zaidi, hata sentimita 2 zinatosha, ili baridi iyafikie macho. Ukizidisha, mmea unaishi vizuri, unatoa majani ya kupendeza mwaka hadi mwaka, na ua hulioni. Watu wanaanza kumwaga mbolea. Mbolea yenye nitrojeni nyingi ndiyo inazidisha majani, kisha wanarudi hapa wanalia.

Ila usikimbilie kufukua sasa hivi. Subiri majani yakauke kabla ya baridi ijayo, ndipo mizizi inapokuwa tayari kuguswa.

#8 Mchungulia Mizizi
Asante mkuu Koleo. Jekundu, petali nyingi, linawahi, ua moja kwa shina, halina harufu nzuri: hiyo ni officinalis, ile 'Rubra Plena' ya bustani za zamani. Lactiflora kwa kawaida shina lake lina tumba kubwa juu na vitumba vidogo pembeni, na aina zake nyingi hunukia. Na officinalis inachipua kutoka kwenye mzizi mtupu. Kesi imekwisha, tufunge jalada.

#9 Babu Shamba
Usifunge jalada haraka, kijana wangu. Sifa hizohizo zote anazo 'Red Charm', chotara wa officinalis na lactiflora aliyetolewa na Glasscock kule Marekani mwaka 1944. Jekundu, linawahi, ua moja, petali zimepanda katikati. Huwezi kutofautisha kwa maneno matupu ya mtandaoni.

Nakubali kwamba damu ya officinalis ipo kote kuwili, kwa hiyo hoja yako inasimama hata hivyo. Ila usiseme jina kama umelisoma kwenye kibao.

#10 Mchungulia Mizizi
Sawa Babu, nimekusoma.

#11 Udongo Mwekundu
Mbona hamjagusa uwezekano wa tatu? Peoni za miti, zile zenye matawi yasiyokufa wakati wa baridi, nyingi huuzwa zikiwa zimebebeshwa, yaani tawi lake limeunganishwa juu ya mzizi wa peoni ya kawaida. Tawi likifa, wakati mwingine ule mzizi wa chini unaamka wenyewe na kutoa machipukizi. Mtu anashangaa alinunua ya njano, leo anaona jani la aina nyingine.

Mkuu Koleo, hapo kwenye shimo la zamani hapakuwahi kuwa na peoni ya mti?

#12 Koleo Butu
Duh. Aliyekuwa na bustani kabla yangu alisema kulikuwa na moja upande huo na ilikufa. Upande gani hasa, sijui. Mimi nilikuta kisiki kikavu nikakitupa.

#13 Kiherehere
Haya sasa. Jalada limefunguka.

#14 Mtaalamu wa Jirani
Hapo kuna mgongano na naomba mnijibu. Mizizi inayotumika kubebea peoni za miti kwa kawaida ni ya lactiflora. Mchungulia #4 amesema mzizi mtupu wa lactiflora hauchipui. Na ndiyo sababu wabebeshaji wanaupenda: wanachagua kipande kisicho na jicho ili kisije kushindana na tawi. Sasa Udongo Mwekundu anasema kinachipua. Mmoja wenu anatupiga kamba.

#15 Udongo Mwekundu
Hakuna anayepiga kamba. Mbebeshaji ni binadamu, anaweza kukata kipande karibu sana na kichwa, akabakiza tishu ya kichwa bila kujua. Machipukizi ya chini kwenye peoni za kubebeshwa ni malalamiko ya siku zote, si jambo la kubuni. Tena hapo zamani kuna waliotumia mizizi ya peoni za miti zenyewe, na hizo zinachipua bila aibu.

Ndiyo maana peoni ya mti hupandwa kinyume kabisa na alivyosema Mama Vitalu #7: kiungio cha tawi na mzizi kinazikwa sentimita 10 hadi 15 chini, ili tawi la juu liote mizizi yake lenyewe na siku moja limwache mfadhili wake.

#16 Dada Petali
Mimi sielewi ubishi uko wapi. Kiazi kitamu ni mzizi, na ukikiacha jikoni kinachipua. Kwa nini peoni isichipue? Mzizi ni mzizi.

#17 Mzoa Mboji
Dada Petali, mzizi si mzizi. Kiazi kitamu kina uwezo wa kuzaa machipukizi kwenye mzizi wenyewe. Dalia, kwa mfano, ina mizizi minono hivyohivyo lakini ukikata kimoja bila kipande cha shina juu yake, kitakaa mchangani mpaka kinyauke. Lactiflora iko kundi la dalia.

Ushahidi mkubwa uko China. Mzizi wa lactiflora ni dawa ya asili, unaitwa bai shao: wanaumenya, wanauchemsha, wanaukausha. Bozhou katika mkoa wa Anhui ndiko kunakojulikana sana kwa kilimo hicho. Mmea ukifikisha miaka mitatu hadi mitano wanauchimba, mizizi minene yote inakwenda kwenye dawa, na kinachorudishwa shambani ni kichwa chenye macho kilichogawanywa. Wangekuwa wanaweza kupanda vipande vya mizizi, wangeshafanya hivyo karne nyingi zilizopita.

#18 Dada Petali
Haya, hapo umenishika. Ila "wangeshafanya" si ushahidi, ni dhana. Labda mzizi unauzika kuliko kichwa, basi kila mtu anapanda kile asichoweza kuuza.

#19 Babu Shamba
Binti ana hoja.

#20 Siafu Kiongozi
Mimi nipo hapa kwa ajili ya siafu tu. Ni kweli tumba halifunguki bila siafu kulilamba?

#21 Mama Vitalu
Si kweli. Vijani vya nje vya tumba vinatoa utomvu mtamu, sisimizi wanaufuata, basi. Likate tumba, liweke ndani ya chombo cha maji pasipo na mdudu hata mmoja, litafunguka. Na jina lako lingebadilika kuwa Sisimizi Kiongozi, maana hao si siafu.

#22 Siafu Kiongozi
Nimepigwa kwenye uzi wa watu. Endeleeni.

#23 Mtaalamu wa Jirani
Turudi kwenye kina. Mama Vitalu #7, kuna kitu hujakisema. Unaweza kupanda kwa sentimita 3 sahihi kabisa, na misimu michache baadaye ukakuta macho yako sentimita 8 chini. Nimeyafukua mwenyewe kwa vidole. Mizizi minene inajikunja na kuvuta kichwa chini, kama inavyofanya mizizi ya mayungiyungi.

#24 Mama Vitalu
Mayungiyungi ndiyo, hilo linajulikana. Kwa peoni mimi sijashawishika. Kinachotokea ni kwamba mtu anachimba shimo kubwa, analijaza udongo uliovurugwa na mboji laini, anapanda juu yake siku hiyohiyo. Udongo unashuka, mboji inaoza na kupungua, kichwa kinashuka nayo. Mzizi haukuvuta kitu. Jaza shimo, mwagilia, likanyage, liache litulie, ndipo upande.

#25 Mzoa Mboji
Na wengine kichwa hakikushuka, ila udongo ndio uliopanda. Kila mwaka mtu anatandaza mboji na majani juu ya peoni akidhani anaipenda. Baada ya muda macho yamezikwa na matandazo. Weka mboji kwa kuizunguka, kichwani usiweke kitu. Hata ule ukungu wa kijivu, Botrytis, unaotia matumba weusi kabla hayajafunguka, hupenda hapohapo penye majani yaliyolowa shingoni.

#26 Udongo Mwekundu
Kwangu ni kinyume. Ardhi ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara, miche mipya inasukumwa juu, unakuta macho yanachungulia nje. Hasa ile iliyopandwa kwa kuchelewa ikakosa muda wa kujishikiza.

#27 Nyuki Mvivu
Kwa hiyo peoni inapanda, inashuka, na imekaa palepale. Nimeelewa vizuri sana.

#28 Babu Shamba
Cheka tu, yote matatu yanatokea, kila moja na udongo wake.

Mnazungumza mno juu ya ile mizizi minene. Hiyo ni ghala, imejaa wanga. Kazi ya kunyonya maji inafanywa na vijizizi vyeupe vyembamba ambavyo ukichimba kwa pupa vinabaki kwenye shimo lote. Vijizizi hivyo huota zaidi joto la udongo linapoanza kushuka, mmea ukishamaliza mambo ya juu. Ndiyo maana tunahamisha kabla ya baridi na si baada yake. Ukihamisha wakati machipukizi yanapanda, mmea unaishi kwa kula ghala lake, na mwaka unaofuata umekonda.

Koleo, hata ungepanda kwa kina sahihi, mwaka wa kwanza baada ya kugawa usingedai ua. Kipande chenye macho matatu hadi matano kinahitaji mara nyingi mpaka mwaka wa tatu ndipo kitoe ua la sura yake. Mama Vitalu ana haki juu ya kina, ila kwa mwaka huu huwezi kujua ni kina au ni ugeni.

#29 Koleo Butu
Shukrani Babu. Vipande vingine vilikuwa na macho mawili tu, ila mizizi niliiacha mirefu yote ili visihangaike.

#30 Mtaalamu wa Jirani
Mizizi mirefu haisaidii unavyodhani. Ikatwe ibaki sentimita 10 hadi 15. Mzizi mrefu mnene unaupa mmea sababu ya kuishi kwa akiba bila kuotesha vijizizi vipya. Uliokatwa kwa kisu safi unatoa vijizizi pale kwenye jeraha. Tena mrefu unaishia kukunjwa shimoni na kuoza kwenye kona.

#31 Mama Vitalu
Huo ni ushauri wa wauzaji wanaotaka boksi dogo la kusafirishia. Akiba ni akiba. Kata iliyovunjika na iliyooza, mingine iache.

#32 Mtaalamu wa Jirani
Mama, nimeshapanda pande zote mbili tuta moja. Iliyokatwa ilikuwa na vijizizi vingi zaidi nilipoifukua.

#33 Mama Vitalu
Na maua?

#34 Mtaalamu wa Jirani
Maua yalilingana.

#35 Kiherehere
😂😂 Mama Vitalu kauliza swali moja tu.

#36 Dada Petali
Nyongeza ndogo kwa wanaogawa: mzizi uliotoka ardhini sasa hivi umejaa maji na unakatika kwa mlio ukiugusa. Uoshe kwa mpira wa maji, kisha uache kivulini saa chache. Unalegea, unakuwa wa kupinda, na hapo unaona kwa macho kichwa kinataka kugawanyikia wapi. Wenye chotara za Itoh andaeni msumeno, kichwa chake ni mbao.

#37 Nyuki Mvivu
Itoh ndiyo ipi tena?

#38 Mzoa Mboji
Ni chotara wa peoni ya kawaida na ya mti. Mjapani Toichi Itoh alifanikiwa kuzichanganya mwaka 1948 baada ya majaribio mengi, akafariki 1956 bila kuona ua hata moja la miche yake. Juu yanakufa nusu, chini mizizi ni ya ajabuajabu, mingine minono, mingine ya kimbaombao. 'Bartzella' ya njano ndiyo maarufu.

#39 Nyuki Mvivu
Alikufa bila kuona ua. Na mimi nalalamikia mwaka mmoja.

#40 Koleo Butu
Wakuu nimerudi na taarifa. Nimefukua chipukizi mojawapo taratibu kwa kijiti. Linashuka chini kiasi cha urefu wa kidole, halafu linaungana na kipande cha mzizi wa zamani, wa kahawia, mnene, umelala kwa mshazari. Chipukizi halikutoka ubavuni, limetoka pale juu ulipokatika, ukingoni mwa jeraha. Palipoungana pana kiuvimbe chenye vijicho viwili vingine vya waridi, vidogo mno. Nimerudisha udongo.

#41 Mchungulia Mizizi
Nilisema! Jicho jipya kwenye jeraha la mzizi. Ndivyo officinalis inavyofanya: mwisho wa juu, ule uliokuwa unatazama kichwa, ndiko tishu inakovimba na kutengeneza macho.

#42 Mama Vitalu
Na mimi nilisema. Mwisho wa juu ndiko mzizi ulikoungana na kichwa. Ukikata ukabakiza kiasi cha ukucha wa kichwa, hicho kiuvimbe ndicho kichwa chenyewe. Macho hayajazaliwa upya, yalikuwepo.

#43 Udongo Mwekundu
Na kama pale palikuwa na mzizi wa kubebea, pangeonekanaje? Vilevile.

#44 Babu Shamba
Koleo, uvimbe huo ulikuwa sehemu ya juu kabisa karibu na uso wa shimo, au kule chini ulikokatikia koleo?

#45 Koleo Butu
Koleo lilikatia chini, Babu. Kichwa chote kilikuwa juu ya hapo, na kati yake na pale palipokatikia mzizi ulikuwa mtupu kabisa. Lakini siwezi kuapa kwamba hiki ni kipande kilekile.

#46 Mama Vitalu
Kama si kilekile, basi ni bega lililobaki.

#47 Mchungulia Mizizi
Mama hashindwi kirahisi. Haya, kuna njia ya kumtenga Udongo Mwekundu angalau. Majani yakikunjuka, pitisha kidole taratibu ukingoni mwa kijani kimoja. Lactiflora ina ukingo wenye vimeno vidogo mno, huvioni, lakini kidole kinahisi mkwaruzo. Officinalis ni laini. Kama ni mzizi wa kubebea wa lactiflora, utakwaruza.

#48 Babu Shamba
Kwa chotara usitegemee kidole, kinaweza kukudanganya. Ila kwa kuitenga lactiflora safi, jaribio ni zuri.

#49 Dada Petali
Mimi nauliza kuhusu lile shimo. Nimesikia usipande peoni mpya mahali palipotoka ya zamani. Ni kweli au ni imani?

#50 Mzoa Mboji
Wengi wanakatazana na sababu kila mtu ana yake. Wapo wanaosema mizizi iliyobaki inaoza na kuvu wanaoiozesha wanahamia kwa mgeni. Wengine wanasema udongo umechoka. Mimi naegemea minyoo fundo. Wapo wanaovumilia baridi, Meloidogyne hapla, wanaotengeneza vinundu kwenye vijizizi vyembamba. Mmea mkongwe unawavumilia kwa akiba yake, mche mchanga hauwezi. Kwa hiyo ukichimba usitazame mizizi minene tu. Inua vile vyembamba, vitazame kwenye mwanga. Vikiwa na shanga shanga, hapo pana kazi.

#51 Udongo Mwekundu
Au sababu ni maji tu. Watu wanachimba shimo kwenye mfinyanzi, wanalijaza udongo laini, shimo linakuwa beseni. Mzizi mnene ukikaa kwenye maji baridi unaoza, Phytophthora (kimelea kinachoozesha mizizi) inamalizia. Mfinyanzi wenyewe si adui, peoni huishi humo vizuri, ila uwe unatoa maji. pH ikiwa karibu 6.5 hadi 7, umetulia.

#52 Dada Petali
Majibu manne kwa swali moja. Sawa.

#53 Siafu Kiongozi
Kwa kuwa mnachimbachimba, mjue Wagiriki wa kale walionya: mzizi wa peoni uchimbwe usiku. Kigogota akikuona unachimba mchana, uko hatarini kupoteza macho. Koleo, ulichimba saa ngapi?

#54 Koleo Butu
Mchana kweupe. Macho ninayo, yaliyopotea ni ya peoni.

#55 Mtaalamu wa Jirani
Hakuna aliyezungumzia mbegu. Maganda yakiachwa yapasuke, mbegu nyeusi za kung'aa zinaanguka palepale. Peoni ikishakua huchavushwa na nyuki hata kama ina petali nyingi, mradi chavua ipo. Chipukizi jingine hapo linaweza kuwa mche wa mbegu wala si mzizi.

#56 Babu Shamba
Hilo la kwake limeungana na mzizi mnene wa kahawia, kwa hiyo si mbegu. Yale mengine hatujui. Na kama ni 'Red Charm' usitegemee mbegu, ni tasa karibu kabisa.

#57 Koleo Butu
Kuna moja liko pembeni, jembamba sana, lina kijani kimoja tu chenye sehemu tatu. Hilo nalo sijalifukua. Nilipanda pia mbegu kwenye chungu mwaka juzi na hakuna kilichotoka. Nimwage udongo wake?

#58 Mtaalamu wa Jirani
Kijani kimoja chenye sehemu tatu ndiyo sura ya mche wa mbegu. Fukua kidogo: ukikuta mzizi mmoja mwembamba unashuka wima bila kipande cha zamani, jibu unalo.

Na chungu usikimwage! Mbegu ya peoni ina usingizi mara mbili. Kwanza inataka joto na unyevu, hapo inatoa mzizi tu, kimya, chini. Halafu ndipo inataka baridi ili chipukizi la juu liachiwe. Ikikosa mpangilio huo, inasubiri mzunguko mwingine. Mwaka wa pili kutokeza ni jambo la kawaida kabisa. Chokonoa na kijiti pembeni, si katikati.

#59 Koleo Butu
Nimechokonoa. Kuna mbegu mbili zina mkia mweupe kama wa sentimita 4, juu hakuna kitu.

#60 Mama Vitalu
Zirudishe haraka na usiuvunje huo mkia. Chungu kiwe na unyevu, kisilowe, kisianikwe juani. Wakati wa baridi kiache nje.

#61 Mchungulia Mizizi
Na majani ya kule shimoni yakikunjuka, usisahau kidole.

#62 Mama Vitalu
Na picha ya kile kiuvimbe, kabla Mchungulia hajakitungia ukoo.